Kuchagua Wimbo Mgumu: Ni Kiburi?



Mwezi wa kumi na moja nilipokea ujumbe wa sauti kutoka Texas. Alikuwa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aliyehamia Marekani na wazazi wake akiwa darasa la tatu. Sasa yuko sekondari na anapiga klarineti kwenye bendi ya shule. Akasema: "Dada, mwalimu amenipa vipande viwili nichague kimoja cha mashindano. Kimoja nakiweza hata nikiamshwa usiku. Kingine ni Weber, kigumu balaa. Nikichukua kile rahisi najiona mwoga. Nikichukua Weber naonekana najimwambafai. Sasa nisali nini?"

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Swali lile lilinigusa mahali ambapo sikutaka kuguswa. Nitafika huko.

Kwanza tuelewe ugumu wenyewe. Kipande anachosema ni Concertino ya Carl Maria von Weber, aliyoiandika mwaka 1811 akiwa na miaka 24, kwa ajili ya mpiga klarineti hodari wa Munich, Heinrich Baermann. Inaanza polepole, kwa huzuni kidogo. Kisha unakuja wimbo mtulivu, na wimbo huo unarudi kwa sura mbalimbali, kila sura na mbio zake. Na klarineti yenyewe ina vituko. Katikati ya sauti zake kuna mpaka: noti moja unaipiga matundu karibu yote yakiwa wazi, inayofuata inataka vidole karibu vyote vifunge kwa pamoja. Kidole kimoja kikichelewa, chombo kinalia kwii, na kila mtu anasikia. Weber anakuvusha mpaka huo mara nyingi, tena kwa kasi.

Sasa turudi kwenye swali. Sisi vijana tuliolelewa kanisani tunajua kuogopa kiburi, na ni vizuri. Lakini je, kuchagua jambo dogo ndiyo unyenyekevu?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilichimba swali hili karne ya 13. Anasema ipo fadhila ya ukuu wa moyo, yaani moyo unaonyoosha mkono kuelekea mambo makubwa. Pembeni yake kuna makosa. Upande mmoja yupo anayejitwalia mambo yaliyo juu ya uwezo wake, na yupo anayetafuta sifa tupu. Upande wa pili kuna udogo wa moyo: mtu ana uwezo, lakini anajikunyata. Mfano anaoutoa ni yule mtumishi wa Mathayo 25 aliyeifukia talanta yake ardhini kwa hofu. Ukisoma Injili ile vizuri utaona kwamba mtumishi huyo hakuiba wala hakutapanya. Aliirudisha talanta nzima, na bado bwana wake alimkemea.

Kuna jambo jingine kwa Tomaso lililonishtua zaidi. Anasema udogo wa moyo unaweza kuzaliwa na kiburi chenyewe! Mtu anang'ang'ania maoni yake kwamba hawezi, hata pale wanaomjua wanapomwambia anaweza.

Hapo ndipo niliponyamaza. Miaka mitatu iliyopita paroko aliniomba niimbe Mbiu ya Pasaka kwenye Mkesha. Mwalimu wa kwaya naye akasema sauti ninayo. Nikajibu, "Baba, mimi sistahili." Watu wakanisifu kwa unyenyekevu. Mwaka ule Mbiu ikasomwa tu, kanisa liko gizani, mishumaa mikononi. Ukweli ni kwamba sikuwa nawaza kustahili wala kutostahili. Nilikuwa nawaza mstari ule mrefu wa katikati, sauti ikikatika, na wanakwaya wenzangu wakiangaliana. Nilijilinda mwenyewe, nikaita unyenyekevu. Sijawahi kuisema dhambi hiyo kwa sauti mpaka leo ninapoandika hapa.

Lakini msinielewe vibaya. Sisemi kila gumu ni takatifu. Kwaya yetu iliwahi kuchukua Ave Verum ya Mozart wiki mbili kabla ya Ekaristi Kuu, kwa sababu tu parokia ya jirani waliiimba. Ule wimbo ni mfupi, dakika tatu hivi, na noti zake si nyingi. Tukasema, rahisi huu! Kumbe ugumu wake ni kuimba taratibu, kwa utulivu, bila sauti kuanguka. Tuliuvuruga. Tulitaka kuonekana tumeuimba, ila hatukutaka kufundishwa nao.

Nadhani tofauti iko hapo. Waswahili wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Jambo gumu unalolichagua kwa moyo mnyofu linakuinamisha: unarudi kuwa mwanafunzi, unakosea mbele ya mwalimu, unarudia mstari mmoja siku nne. Ukilichagua kwa majivuno, unataka kile cha mvunguni lakini umesimama wima.

Basi nilimjibu mdogo wangu kwa maswali mawili. La kwanza: "Kama hakuna mtu atakayesikia, bado ungetaka kukaa na muziki huu miezi mitatu?" La pili nililitoa Luka 14, pale Yesu anapomzungumzia mtu anayetaka kujenga mnara, anayekaa kwanza kuhesabu gharama. Nikamwambia, "Chukua kalenda. Zimebaki wiki ngapi? Una nusu saa kila siku? Mwalimu wako anasemaje?" Maana kuhesabu siyo kukosa imani. Anayekataa kuhesabu ndiye anayemjaribu Mungu.

Akahesabu. Wiki 12. Mwalimu akasema inawezekana, ila ajiandae kuteseka kwenye mbio za mwisho. Kuhusu swali la kwanza alikaa kimya siku mbili, halafu akaandika: "Dada, mwanzoni nilitaka Weber kwa sababu kuna kaka mmoja aliipiga mwaka jana. Lakini ule mwanzo wa polepole naupenda kweli. Naupiga hata nikiwa na huzuni." Nikajua amepata jibu.

Alinieleza pia kitu ambacho sikukijua. Kwenye mashindano yale ya Texas, mwanafunzi anaingia chumbani kwa zamu yake na kumpigia jaji, na hapangwi wa kwanza na wa mwisho. Anapimwa kwa kipimo, anapewa daraja kuanzia la kwanza hadi la tano. Siku moja wote wanaweza kupata la kwanza, au asipate hata mmoja. Nikakumbuka tena Mathayo 25. Mwenye talanta tano na mwenye mbili walisifiwa kwa maneno yale yale. Bwana hakuwalinganisha. Alimuuliza kila mmoja habari za kile alichokabidhiwa.

Mwezi wa pili akapiga, bila karatasi, maana kwa vipande vya ngazi ile anayetaka kuendelea ngazi ya jimbo lazima apige kutoka kichwani. Akateleza mara mbili pale pale mpakani. Daraja la pili. Hakuendelea. Alinipigia simu analia, halafu katikati ya kilio akasema, "Lakini Dada, ule mwanzo, chumba kizima kilinyamaza." Sikumpa mahubiri. Nilimwambia tu, "Mdogo wangu, hukuifukia."

Kijana mwenzangu, pengine wewe hupigi klarineti. Pengine ni mchepuo wa sayansi unaouogopa, au wito unaousikia na kuuzima, au kumwomba mtu msamaha. Kabla hujasema "mimi sistahili," jiulize unamlinda nani. Na kabla hujasema "naliweza," jiulize kama uko tayari kuinama.

Juzi, baada ya Njia ya Msalaba, nilimfuata paroko. Nikamwambia nipo tayari kwa Mbiu. Alinitazama, akacheka, akanipa karatasi. Zimebaki wiki tano, na mstari ule mrefu wa katikati bado unanishinda. Niombeeni.

Ee Bwana, utuondolee hofu inayojiita unyenyekevu, na majivuno yanayojiita bidii. Tulichopokea kwako tukifanyie kazi, na siku ya hesabu tukuletee bila woga. Amina.