Babu Asiyekuwepo

Nilikutana na Banquo kwa Kiswahili, katika Makbeth, tafsiri ya S. S. Mushi iliyotoka mwaka 1968. Wachawi wanamtabiria kwamba hatatawala, bali atazaa wafalme. Anauawa, mwanawe Fleance anaponea gizani. Niliamini, kama walivyoamini watazamaji wengi wa Shakespeare, kwamba damu iliyoponea usiku ule ndiyo iliyomfikia Mfalme James wa ukoo wa Stewart.

Baadaye nilisoma kwamba hakuna hati hata moja ya zama za Macbeth inayomtaja Banquo. Aliletwa na Hector Boece, msomi wa Aberdeen, katika historia yake ya Uskoti ya mwaka 1527.

Nasaba ya kweli inaanzia ng'ambo ya bahari, Dol, katika nchi ya Brittany. Huko wazee wa ukoo huu walikuwa wasimamizi wa nyumba ya bwana wao. Alan, mwana wa Flaald, alihamia Uingereza kumtumikia Henry wa Kwanza. Mwanawe Walter akaenda Uskoti. Mfalme David wa Kwanza akamfanya msimamizi wa nyumba yake na kumpa ardhi upande wa Renfrew. Mnamo mwaka 1163 hivi Walter alianzisha nyumba ya watawa huko Paisley. Kazi ikarithiwa, cheo kikawa jina: Stewart maana yake ni msimamizi. Mwaka 1371 ukoo ukapata ufalme, tena kupitia kwa mwanamke, Marjorie Bruce, mama yake Robert wa Pili.

Basi hawakukosa mababu. Walikuwa nao, kwa majina na hati. Tatizo ni kwamba mababu hao walikuwa wageni na watumishi.

Aibu hiyo naijua. Kwetu, kila inapojadiliwa mahari, mzee mmoja husema babu yetu alitoka nyumba ya chifu. Babu alikuja kukata mkonge. Nami hukaa kimya, kwa sababu uongo ule unanipendeza.

Mtu ataniuliza: kuna ubaya gani? Marehemu haumii, na hadithi nzuri huunganisha watu. Hoja hiyo ina uzito. Jamii nyingi zimeshikamana kwa hadithi zisizo na ushahidi. Lakini hadithi ya Banquo inafundisha jambo: kwamba haki ya kukaa mahali hutoka kwenye damu ya kale peke yake. Anayeifurahia hadithi hiyo leo, kesho atamwambia jirani aliyehamia juzi kuwa hapa si kwao. Ilhali Walter mwenyewe alikuwa wa kuja. Alipokewa, akapewa kazi, akajenga, na wajukuu wake wakawa wenyeji.

Kumbadilisha babu kwa mwingine mwenye heshima zaidi si kumtukuza. Ni kumwambia kwamba jasho lake halikutosha kutuzaa. Hawezi kujibu, na ndiyo maana deni la kumsema kwa kweli linabaki kwetu.

Ukoo wa Stewart walimpata Banquo, lakini hawakuweza kuliacha jina. Kila walipolitamka walikuwa wakimtaja mtumishi yule.

Mahari ijayo, mzee akianza, nadhani nitasema: alikuja kukata mkonge.