Tuna Deni Gani kwa Kitoto cha Mjusi?



Mara nyingi swali kubwa huingia nyumbani kwa mlango mdogo. Tuseme kijana mmoja wa kijiji kilicho karibu na Kamina analima shamba la mihogo pamoja na mama yake. Jembe lafunua mayai matano meupe, yenye maganda laini kama ngozi. Moja limekwisha kupasuka, na kitoto cha mjusi anatoa kichwa. Si mjusi kafiri, yule atambaaye ukutani usiku. Ni mjusi wa mchana, mwenye magamba laini yang'aayo kana kwamba yamepakwa mafuta. Mama asema: «Mwue, mwanangu, ana sumu.» Kijana hataki. Amtia katika chupa, afunga kifuniko, ampeleka nyumbani awe wake.

Je, kijana huyu ametenda mema au mabaya? Na tangu saa ile ana deni gani kwa mjusi?

Wengine watacheka na kusema: «Mjusi ni mjusi tu. Watoto wangapi hulala na njaa, nanyi mnaulizana habari za mjusi?» Neno hilo lina uzito, nasi tutalijibu kabla ya kumaliza. Lakini kwanza tumtazame kiumbe mwenyewe, kwa maana asiyekijua kitu hawezi kukitendea haki.

Hali ya mjusi mchanga

Kwanza, hana sumu. Mijusi wote wa jamaa hii hawana sumu. Akishikwa aweza kuuma kidole, basi.

Pili, hahitaji mama. Mtoto wa mtu hunyonyeshwa, na makinda ya ndege hungoja kulishwa. Lakini mijusi wengi wa jamaa hii hutaga mayai katika udongo wenye unyevu, kisha mama huenda zake. Wengine huzaa watoto walio hai, nao pia hujitegemea tangu kuzaliwa. Kitoto huchana ganda kwa jino dogo lililo nchani mwa mdomo, nalo hudondoka baadaye. Huenda asile siku ya kwanza au ya pili, kwa kuwa bado ana akiba ya kiini cha yai tumboni. Kisha huwinda mwenyewe.

Tatu, mwili wake haujitengenezei joto kama wetu. Asubuhi huota jua, ndipo apate nguvu za kukimbia na hata za kuyeyusha chakula tumboni. Jua likizidi, hukimbilia kivulini. Hivyo hushinda akitoka juani na kuingia kivulini, na huko kwenda na kurudi ndiko kunakomweka hai.

Basi angalieni vema. Shambani mjusi huyu hakumhitaji kijana hata kidogo. Jua, udongo, mchwa na umande, vyote alivipata pasipo kumwomba mtu. Kijana alipofunga kifuniko, alimwondolea vyote mara moja. Tena chupa yaweza kuwa kaburi: ikiwekwa juani, joto hukaa ndani na kuzidi, na mjusi hufa upesi, maana hana kivuli cha kukimbilia.

Hapo ndipo deni lilipozaliwa. Halikutoka katika thamani ya mjusi sokoni, kwa maana hana thamani huko. Lilitoka katika tendo la kijana mwenyewe. Amemfungia njia zote isipokuwa moja, na hiyo moja ni mkono wake. Amfungaye mbuzi kambani, huyo ndiye apaswaye kumletea majani.

Namna ya kulilipa deni

Atakaye kumtunza, na amtunze kweli. Chupa haifai. Atafute sanduku la mbao, alitie udongo, majani makavu na kipande cha gome la mti cha kujifichia. Upande mmoja upate jua la asubuhi, upande wa pili uwe na kivuli daima. Juu aweke wavu, si kioo, kwa maana kioo huzuia sehemu ile ya mwanga wa jua iusaidiayo mwili kuimarisha mifupa.

Chakula chake ni wadudu walio hai: mchwa, panzi wachanga na wengine kama hao, wasiozidi upana wa kichwa chake. Bukari si chakula chake. Maji yawe machache katika kizibo kipana, asije akazama. Na matone yanyunyizwe juu ya majani, ayalambe. Asishikwe mkia, kwa kuwa hukatika. Huota mwingine, ni kweli, lakini akiba ya mafuta iliyokuwamo imepotea. Mayai yaliyobaki shambani yasigeuzwe: upande uliokuwa juu ukae juu, na udongo uyafunike tena. Tena kijana anawe mikono kwa sabuni kila amshikapo, maana wanyama wa namna hii huchukua vijidudu viletavyo ugonjwa wa kuhara, navyo ni hatari hasa kwa watoto wachanga.

Mwaona kwamba kazi hii ni ya kila siku. Mtu aitendaye siku tatu na kuisahau siku ya nne, mjusi atakufa mikononi mwake. Kama hakujua, hana hatia. Kama alijua akapuuza, asiseme: «Mimi sikumpiga jiwe.» Kusahau nako huua.

Tumefundishwa nini?

Torati iliamuru kwamba mtu akikuta kiota njiani, asimchukue mama pamoja na makinda, bali amwache mama aende. Maana yake, hata mwenye ruhusa ya kuchukua amewekewa mpaka. Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba mnyama hana roho isiyokufa kama mtu. Lakini alionya pia kwamba mtu akizoea ukatili kwa wanyama, huwa mkatili kwa watu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yakubali tuwatumie wanyama kwa chakula na mavazi, ila yakataza kuwatesa na kuwaua pasipo sababu. Naye Papa Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba kila kiumbe kina thamani yake mbele ya Mungu, hata kisipotufaa kitu.

Tuna mfano hapa kwetu. Hifadhi ya Upemba iliundwa mwaka 1939. Tangu 1946 hata 1949 mtaalamu Mbelgiji, Bwana Gaston-François de Witte, aliichunguza pamoja na wenzake, na mwaka 1953 kikachapishwa kitabu chake juu ya mijusi, nyoka na jamaa zao wa huko. Katika kazi ya namna hiyo wanyama huuawa na kuhifadhiwa, ili wajulikane. Hiyo ni sababu, na sababu yaweza kupimwa kama yatosha. Lakini mtoto amwuaye mjusi kwa mchezo, atapima nini?

Jibu kwa waliocheka

Ni kweli, mtu ni wa kwanza. Katekisimu ileile yasema si haki kuwatumia wanyama fedha zipasazo kuwaondolea watu taabu. Kijana akihesabu mchwa wa mjusi wake kila asubuhi, wala asijue kama mdogo wake amekula, ameyapindua mambo. Lakini huruma si unga wa kibuyuni, kwamba ukimpa huyu kiganja kimoja, yule atapungukiwa. Afadhali tuseme ni kama mkono wa mkulima: kadiri ulimavyo, ndivyo uzoeavyo jembe.

Tena tulifikiri neno hili, «wangu». Kijana asema «jembe langu», na maana yake, nalitumia nipendavyo. Asema «mdogo wangu», na maana yake, akilia lazima niende. Asemapo «mjusi wangu», atumia maana ipi? Mjusi si ndugu yake, wala si jembe. Ni kiumbe cha Mungu, na aliyemchukua atatoa hesabu yake.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Kijana amweleze mama yake kwa heshima kwamba mjusi huyu hana sumu. Kisha asubuhi yenye jua, amrudishe palepale alipomtoa, karibu na majani ya kujifichia, akamtazame anavyokwenda zake. Deni lote hulipwa hivyo kwa siku moja. Na kama haridhiki kumwachilia, basi na alilipe kila siku, bila kuchoka.

Maswali ya kujiuliza nyumbani

1. Ni kiumbe gani kinachonitegemea kwa sababu mimi nimekifunga?
2. Je, leo kimepata maji?
3. Na mdogo wangu, je, amekula?