Baba Aliye Kifungoni

Katika vijiji vya Kilosa, na hasa kandokando ya Hifadhi ya Mikumi iliyotengwa mwaka 1964, hutokea mtu akakamatwa na nyama ya porini, akapelekwa mahakamani, akafungwa. Kosa la kupatikana na nyara za serikali laweza kumpa mtu miaka 20 gerezani. Jamaa humlilia siku chache, kisha neno gumu huanza: watoto ni wa nani sasa?

Wako wasemao kwamba mfungwa amejivua ubaba mwenyewe, kwani aliyeshindwa kujitunza atamtunzaje mtoto? Neno hilo lina nguvu kidogo, lakini lachanganya kuzaa na kulea. Kulea kwahitaji mikono iliyo karibu, na mikono ya mfungwa imefungwa. Kuzaa kumekwisha kuwa, wala hakimu hawezi kukutangua.

Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, kama jirani zao Waluguru, huhesabu ukoo kwa mama. Kwao mtoto hakosi kwao baba afungwapo. Yuko mjomba, yuko bibi mzaa mama. Twaisifu mila hiyo. Lakini kwa kuwa ukoo hausimami juu ya baba, ni rahisi pia kumfuta, na mtoto akaambiwa kwamba babaye amesafiri, au amekufa.

Shida huzidi mtoto azaliwapo baba akiwa ndani. Wahenga walisema kitanda hakizai haramu. Sheria ya Ushahidi ya 1967 yafuata njia hiyo: mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa, au katika siku 280 baada ya ndoa kuvunjika, mama akiwa hajaolewa tena, ni wa mume, isipokuwa ikithibitishwa kwamba hao wawili hawakuweza kukutana wakati wa kutunga mimba. Hapo kuta za gereza huwa shahidi. Lakini shahidi huyo huhojiwa vibaya vijijini. Mtu afungwa mwezi wa kwanza, mkewe ajifungua mwezi wa nane, na majirani hunong'ona kwamba mtoto si wake. Wangehesabu miezi kwa vidole wangenyamaza.

Sheria ya Mtoto ya 2009 yataja alama za kumtambua mzazi: jina katika daftari la vizazi, sherehe ya mila aliyoifanya baba, kumkiri mtoto mbele za watu. Basi mwenye mimba ambaye mumewe amekamatwa asingoje. Jina liandikwe mapema, na mume amkiri mtoto angali katika mahabusu, wazee wakisikia.

Juu ya malezi, Sheria ya Ndoa ya 1971 yatanguliza manufaa ya mtoto, na yadhani kwamba aliye chini ya miaka saba yafaa akae na mamaye, ila ikionekana vingine. Sheria hiyohiyo yahesabu kifungo cha miaka mitano au zaidi kuwa ushahidi wa ndoa iliyovunjika. Mume huweza kuachwa hivyo. Baba haachwi hivyo. Lakini naye, atokapo, asije kumdai mtoto kama mbuzi aliyemwacha kwa jirani. Mtoto aliyelelewa miaka kumi na mjomba ana moyo wake, naye aulizwe. Na aliyefungwa kwa kumdhuru mtoto huyo au mama yake, hatuoni sababu ya kumfungulia mlango kabla watu wenye akili hawajaridhika.

Mama afungwapo jambo ni zito zaidi. Mkataba wa Afrika juu ya mtoto, wa 1990, wataka adhabu isiyo kifungo ifikiriwe kwanza.

Kwa wengine wote, mtoto aambiwe kweli kadiri ya umri wake, na apelekwe kumwona babaye siku zilizoruhusiwa. Kwa desturi ya kwetu, mjomba ndiye afaaye kumpeleka, maana mama mara nyingi hana nauli, na pengine hana moyo wa kwenda.