Kazi ya Kuvu ni Mali ya Nani?

Nchini Rwanda, maziwa ya ikivuguto hayagandi kwa maziwa matupu. Masalio ya jana hubakizwa chomboni, na viumbe wadogo waliomo ndio wayagandishao maziwa mapya. (Sisi wenye lugha tumewaita vijidudu, jina la dharau!) Nyumba iliyoishiwa na chachu huomba kwa jirani, naye jirani hapungukiwi: chachu igawiwayo leo, kesho imejaa tena. Je, kazi ya kiumbe asiyefundishwa na mtu yaweza kuwa mali ya mtu?

Swali hilo liliwafika wataalamu wa Oxford. Alexander Fleming alikuwa amekwisha kuona, mjini London mwaka 1928, kwamba kuvu iliyoingia katika sahani yake ya bakteria iliwaua. Lakini Howard Florey, Ernst Chain na Norman Heatley ndio walioikamua kuvu hiyo ikatoa dawa, penisilini. Taabu yao haikuwa ndogo. Polisi mmoja aliyetibiwa Februari 1941 alianza kupata nafuu. Dawa ikawa haba hata ikabidi ichujwe tena kutoka katika mkojo wake. Ikaisha, naye akafa mwezi uliofuata.

Chain alitaka wachukue hataza, yaani haki ya pekee ya mvumbuzi. Wakuu wa sayansi ya tiba nchini Uingereza walikataa, wakaona haipatani na maadili ya uganga. Mwaka huo huo kazi ikapelekwa Peoria, Marekani. Huko kuvu ililishwa maji yaliyolowekewa mahindi, ikatoa dawa nyingi zaidi; na mwaka 1943 tikiti lililoota ukungu, kutoka soko la mji huo, likaleta kuvu iliyoipita ile ya Fleming kwa mavuno. Mwaka 1948 Andrew Moyer, mtaalamu wa Peoria, akapewa hataza ya mbinu ya uzalishaji. Na aliyelima tikiti, je?

Waliokataa walikuwa na moyo mwema, ila waliuacha mlango wazi. Chain simlaumu: jasho lina ujira wake, na mitambo hainunuliwi kwa sifa. Lakini mbinu ni jasho la mtu. Kuvu si jasho la mtu. Mama mwenye kibuyu huuza ikivuguto chake bila haya, wala hakuna amsemaye. Akimnyima jirani kijiko cha chachu, kilima kizima kitasikia.