Kazi ya Mto

Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipanga safari kwa kufuata maji. Kati ya Ugogo na Unyanyembe, eneo la Tabora, kulikuwa na Mgunda Mkali, pori kame ambalo wapagazi walilivuka wakiwa na maji vibuyuni. Ukishapita Tabora kuelekea magharibi, ulifika Mto Malagarasi, ukavushwa kwa mitumbwi, ndipo ukashuka Ujiji, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Ndivyo walivyopita wapelelezi Waingereza Burton na Speke, waliofika Tabora Novemba 1857 na Ujiji Februari 1858.

Malagarasi unanifundisha jambo kila ninapoona kijana wa hapa Tabora mjini ameweka sebuleni tangi la kioo lenye samaki wadogo na majani mabichi. Kabla ya kuingia Ziwa Tanganyika, mto huo hupita kwenye vinamasi vya Malagarasi-Muyovozi, eneo oevu la kwanza la Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda maeneo oevu, mwaka 2000. Mafunjo na matete huyapunguza maji kasi, tope likatulia, mizizi ikafyonza mbolea. Ziwa nalo hutoa maji yake kwa Mto Lukuga, upande wa Kongo. Tangi la kioo halina mto wa kuingia wala wa kutoka. Aliyeliweka amejitwika kazi ya mto.

Kazi yenyewe si ngumu ukijua kinachoendelea humo ndani. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoishi kwenye mchanga na kwenye sponji ya chujio huigeuza kuwa nitriti, sumu nyingine, kisha kuwa nitrati, yenye madhara madogo zaidi. Mimea hula sehemu ya nitrati hiyo. Inayobaki unaiondoa wewe kwa kubadilisha maji. Bakteria hao huchukua wiki kadhaa kujijenga, kwa hiyo tangi jipya halijazwi samaki siku ya kwanza.

Tangi la lita 60 ni ndoo kubwa tatu. Kila wiki toa robo, lita 15. Shusha mpira mwembamba hadi karibu na mchanga, uvute maji, na utaona uchafu wa kahawia ukipita ndani ya mpira. Kata majani yaliyooza kabla hayajachafua maji. Sponji ikamulie ndani ya maji uliyoyatoa, kwani klorini ya bomba huua bakteria. Maji mapya yatibu kwa dawa ya kuondoa klorini, nayo yasipishane sana joto na ya tangini, hasa Juni na Julai usiku wa Tabora unapokuwa na baridi. Taa iwake saa sita hadi nane kwa siku. Ikizidi, mwani hutanda kwenye kioo. Maji uliyotoa mwagilia mchicha, yana mbolea.

Wengi huacha maji yachafuke miezi, kisha siku moja humwaga yote na kusugua kila kitu kwa sabuni. Kioo hung'aa, na samaki hufa, kwa sababu bakteria waliokuwa wakiwalinda wameoshwa pia.

Hilo ndilo linaloniuma, maana ndivyo tunavyowatendea hata watu. Mzazi kijijini hapigiwi simu mwaka mzima, kisha sikukuu inapofika tunashusha mizigo mlangoni kwake. Mtoto analipiwa ada, lakini hakuna anayemuuliza ameshindaje. Tunadhani wingi wa siku moja utafidia ukame wa siku zote. Haufidii. Kiumbe anayekutegemea huishi kwa kidogo kinachofika kwa wakati wake.

Samaki aliye ndani ya kioo hawezi kuhama kutafuta maji mengine. Kama huna nusu saa ya kumpa kila wiki, usimnunue. Na kama tayari unaye, leo chukua ndoo, toa robo, rudisha robo, na wiki ijayo ufanye tena.