Nyota Zilizotawanyika

Watu waliotawanywa mbali mbali, je, wangali jamaa moja? Swali hili latugusa. Toka mwaka 2014 mauaji katika sehemu za Beni yamewafukuza wengi. Baadhi yao walikimbilia Butembo, wengine mbali zaidi. Wako wasemao, “Aliyeondoka si wetu tena.” Kabla ya kukubali neno hilo, tutazame mfano wa mbinguni.

Mwezi wa Januari, yapata saa tatu ya usiku, inua macho. Utakiona Kilimia, na karibu nacho nyota zilizoachana, zenye umbo la panda ya mti. Wataalamu huziita Hyades. Ukizielekezea darubini yenye nguvu, kundi lapotea! Waona nyota chache tu na giza kubwa kati yao, kwa kuwa darubini hiyo huonyesha sehemu ndogo sana ya mbingu. Atazamaye hivyo angeapa kwamba hazina undugu.

Tena, kwenye ncha moja ya panda yang’aa nyota nyekundu, Aldebaran, kana kwamba ndiyo mkubwa wa nyumba. Kumbe si ya kundi lile. Nuru yake hutufikia kwa miaka 65 hivi. Nuru ya Hyades kwa miaka 150 hivi.

Basi undugu wao hujulikanaje? Mwaka 1908 Mmarekani Lewis Boss alionyesha kwamba nyota za Hyades, ijapokuwa zimeachana, zasafiri pamoja kuelekea upande mmoja. Zilizaliwa pamoja, na mwendo wao ni mmoja. Aldebaran yashika njia yake.

Jibu ndilo hilo: ujamaa haupimwi kwa kukaa karibu. Akaaye ubavuni mwetu aweza kuwa na njia nyingine. Aliyekimbia mbali aweza kuwa angali katika safari yetu.

Lakini mtu apita nyota. Nyota za Hyades zaponyoka mojamoja kundini, wala haziwezi kuitana. Aldebaran haiwezi kugeuza njia. Mtu aweza kuita, kurudi, na kumpokea mgeni hata akawa ndugu. Kwa hiyo lawama ya utengano haiwi juu ya umbali. Mwenye jamaa aliyetawanyika na amtafute, ampelekee habari, amwekee mahali pake penye moto. Na mwenye mkimbizi mlangoni asimwulize kwanza ametoka wapi.