Ruhusa ya Kutua

Mtu apangaye safari ya gari kuvuka Marekani huona kazi yake kuwa ya anasa: leo atazame Grand Canyon, kesho ale nyama ya kuchoma mjini Amarillo. Si vibaya, kwani tumbo nalo ni abiria. Lakini je, mwenye ruhusa ya kupita asiye na ruhusa ya kutua aweza kuitwa huru?

Barabara ya 66, iliyoanzishwa 1926, iliwapitisha Wamarekani weusi toka Chicago hata California kama iwapitishavyo wengine. Ila hoteli na mikahawa mingi ya kandoni iliwafungia milango. Ramani haikusema hayo. Ndipo Victor Hugo Green, mpeleka barua wa New York, alipoanza mwaka 1936 kutoa kitabu kilichotaja nyumba zilizowapokea. Wengi walichukua chakula chao garini, wala si kwa ubahili. Walichotafuta njiani kabla ya mlo mtamu kilikuwa mlango usiotukana. Green alitamani siku ambayo kitabu chake kisingehitajiwa tena. Alifariki 1960, miaka minne kabla ya sheria iliyokataza ubaguzi katika hoteli na mikahawa.